Kiingereza cha Buchani

Masomo yalianza pale mizani ilipopumzika. Wateja wa asubuhi walikuwa wamekwisha kubeba nyama zao, wa jioni hawajatoka makazini, na muuza nyama alipata nafasi ya kufuta gogo la kukatia, kuosha mikono mpaka viwikoni na kuvuta kiti cha plastiki mpaka katikati ya bucha, chini ya feni. Mke wake alikuja moja kwa moja kutoka hospitali, sare ya wodini bado mwilini, akajitua kitini kama gunia lililoshushwa mgongoni. Akavua viatu kwa kutumia vidole vya miguu tu, bila kuinama.

"Haya, mwalimu, nifundishe," alisema. "Ila usitarajie mengi. Kichwa nilichonacho leo ni cha kuazima."

Kazi aliyokuwa akiitafuta ilikuwa nchi ya mbali. Huko kulikuwa na bibi mmoja mzee, miguu imemgomea, anayehitaji mtu wa kumwinua, kumwogesha, kumpikia na kukaa naye mchana kutwa. Mwenye mikono ya kazi hiyo alikuwa ndiye huyu. Wodini alikuwa msaidizi wa wauguzi, na nyumbani alikuwa ameifanya kazi hiyo hiyo kwa mama mkwe wake, aliyelala chumba cha nyuma miaka na miaka mpaka Mungu alipomchukua mwaka uliopita. Alimgeuza, akamlisha, akamfulia, akazisikiliza hadithi zake zile zile kana kwamba ni mpya. Mume wake alijua kwamba hajawahi kumshukuru ipasavyo. Kila alipotaka kuanza, hakujua mtu huanzia wapi kushukuru jambo la ukubwa ule, akaishia kuuliza kama chai ipo.

Wakala wa ajira, dada mmoja mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la simu, alimwambia kwamba kwa mikono yake hana shaka. Shaka yake ilikuwa mdomoni. Yule bibi hali chochote kilichotoka kwa mnyama. Nyama haina haja ya kuitaja. Maziwa hapana, mayai hapana, asali hapana, na kiatu cha ngozi hakivuki kizingiti chake. Ujana wake wote aliusimamisha barabarani na mabango akitetea wanyama, na sasa amezeeka bila kulegeza hata uzi mmoja. Anayefanya usaili ni binti yake, kwa simu ya video. Usaili wenyewe hauulizi namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani, unauliza unaamini nini. Wanawake waliotangulia walianguka hapo hapo. Mmoja aliulizwa atafanyaje bibi akidhoofika, akajibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba atamchemshia supu ya kuku.

"Kwa hiyo, mama, sikuombi uache kula nyama," wakala alimwambia. "Nakuomba ujue maneno yao. Mtu akisikia maneno yake kinywani mwako, anakuona wa nyumbani."

Na katika ukoo mzima, mwenye Kiingereza cha kuazimisha alikuwa muuza nyama. Shule aliiacha mapema, lakini tangu enzi za kufungia nyama kwenye kurasa za magazeti na majarida, alikuwa hafungi kilo ya mtu kabla hajasoma ukurasa. Wateja walikuwa wakimwambia wapewe nyama kwanza, habari atamalizia baadaye. Neno asilolijua alilinyofoa na kuliweka mfukoni, kisha akalitafuta kwenye kamusi yake isiyo na jalada, taratibu, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Hivyo ndivyo alivyokipata Kiingereza, kikiwa na madoa ya mafuta hapa na pale, lakini kizima.

Shemeji yake, mdogo wa mke wake, alikuwa na saluni chumba cha pili, na ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba. Aliposikia darasa linaendelea alikuja na kitana mkononi, akaegemea mlango.

"Shemeji, wewe kumfundisha mtu habari ya kutokula nyama, si sawa na mlevi kufungua darasa la maji?"

"Mlevi ndiye anayejua kiu," muuza nyama alisema, akaendelea kuandika ubaoni kwa chaki aliyokuwa akiandikia bei.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Neno "vegan" lilikaa lenyewe, kwa sababu lilikuwa kama jina la yule bibi. Mengine yaliingia na kutoka. Mume aliyafuta ubaoni, akamuuliza, mke akabaki anamtazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa ndani ya basi na kuulizwa nauli. Si kwamba hakuwa na akili. Alikuwa amechoka mpaka mahali ambapo maneno hukaa. Siku moja alisinzia kabisa, shingo imelala begani, na alipozinduka macho yake yalitua kwenye ndoano kubwa zilizopangana kwenye bomba juu ya kaunta.

"Neno lile la ukatili ni lipi vile?" aliuliza.

"Ni lile unaloliangalia," mume alijibu, bila kufikiri sana. "Ndoano ndiyo 'cruelty'."

Kesho yake, kati ya maneno yote, alilikumbuka hilo moja tu. Aliingia, akatazama juu, akalitamka hata kabla ya kuvua viatu. Muuza nyama, ambaye hakuwa mtu wa kuona jambo mara moja na kuliita kanuni, alingoja ajaribu jingine. Akamwonyesha friji kubwa ya mlango mzito, akamwambia humo ndani wanyama wamebanana, hakuna anayeweza kugeuka, basi iwe ndiyo "factory farming", ule ufugaji wa kuwashindilia wanyama bandani kama bidhaa ghalani. Nalo likakaa. Tangu hapo akaigawa bucha yote, kona baada ya kona, kwa subira ile ile aliyotumia kugawa paja la ng'ombe. Dirisha la wavu, ambako upande wa nje kulionekana majani na anga, likawa "free-range", yaani wanyama wanaoachwa wazurure. Mizani ikawa "ethics", elimu ya kupima lipi jema na lipi baya. Gogo la kukatia, lenye makovu ya shoka, lilibeba mateso. Mlango wa mbele ulikuwa imani, kwa kuwa mtu huingia nayo popote aendapo. Na sinia la bati, ambalo kila siku lilikuwa na moyo wa ng'ombe ukisubiri mteja wake mmoja wa kudumu, likawa "compassion", ile huruma ya kuumia pamoja na mwingine.

Ndani ya majuma machache mke wake alikuwa akizungumza. Alikuwa akizungusha macho buchani na maneno yakishuka kutoka kutani kama matunda yaliyoiva. Shemeji alikuja kuazima sabuni, akaegemea friji, na dada yake, macho yamefumbwa nusu, akamtangazia kwa Kiingereza kwamba ameegemea ufugaji wa kubananisha. Walicheka mpaka wateja wa saluni wakaja kuchungulia, kichwa kimoja kimesukwa upande mmoja tu.

Muuza nyama alijitwisha na kazi ya kuwa mwajiri. Alivaa miwani yake ya kusomea, akakaa juu ya kreti, akauliza maswali ambayo wakala alisema huulizwa. Kwa nini mtu asile asali? Nyuki wanadhulumiwa vipi? Kuna tofauti gani kati ya anayeacha nyama kwa ajili ya afya na anayeiacha kwa ajili ya imani? Ili aulize vizuri ilibidi awaelewe wanaouliza, na ili awaelewe ilibidi akae upande wao mchana mzima, hali mikono yake inanuka mafuta. Hakuona aibu, wala hakukubaliana nao. Aliona tu kwamba hawa ni watu walioshika uzi mmoja na kuufuata mpaka mwisho, na yeye aliwaheshimu watu wa namna hiyo. Ila mchezo ulimwingia. Mteja mmoja alikuja kuomba nusu kilo isiyo na mafuta, naye akamtazama juu ya miwani, akamuuliza kama amewahi kufikiria nyama hii imetoka wapi.

"Nimekuja kununua au kuhukumiwa?" mteja aliuliza.

Akampimia haraka, akamwongezea kipande kwa kuomba radhi.

Katika majarida yake ya zamani alipata ukurasa mmoja wa mambo ya mifugo, wenye doa la mafuta katikati. Uliorodhesha uhuru anaostahili mnyama afugwaye. Alimtafsiria mkewe polepole: asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa karaha, asiachwe na maumivu, asiishi kwa hofu, na apewe nafasi ya kufanya yale ambayo kiumbe wa namna yake hufanya akiachwa mwenyewe.

"Haya ni ya ng'ombe?" mke aliuliza.

"Ng'ombe, kuku, nguruwe, wote."

"Lile la mwisho, hebu lirudie."

Alilirudia. Mke alilitamka kwa Kiingereza, mara ya kwanza kwa kukwama, mara ya pili likatiririka. Kisha akacheka kidogo, akasema ng'ombe wana wanaowafikiria. Muuza nyama naye akacheka. Baadaye, alipokuwa akisugua gogo kwa chumvi, aliona kwamba kicheko chake kilikuwa kimetangulia kabla ya kuelewa, lakini wakati huo mke alikuwa amekwisha kwenda nyumbani.

Yeye mwenyewe hakutaka mke wake aende nchi ile ya mbali. Hili hakumwambia mtu. Watoto walikuwa wametawanyika, kila mmoja na maisha yake, mama amezikwa, na nyumba ilikuwa imeanza kuwa na sauti ya bomba linalovuja. Wazo la kumfundisha vibaya lilimjia asubuhi moja akisaga nyama, dogo tu, kwamba neno moja lililokaa vibaya lingetosha. Alilitazama wazo lile, akaliacha lipite kama mtu anavyoacha lori lipite kabla ya kuvuka barabara. Mchana alimfundisha vizuri zaidi ya jana yake.

Wakala aliwaita kwa jaribio. Ofisi yake ilikuwa na kuta nyeupe tupu, kiyoyozi, meza ya kioo na ua la plastiki. Muuza nyama aliambiwa angoje nje kwenye benchi, lakini kizuizi kilikuwa cha kioo, akaona kila kitu. Wakala aliuliza swali la kwanza, lile la afya na imani, jepesi kuliko yote. Mke wake alifumbua mdomo. Akageuka kuutazama mlango, na mlango ulikuwa wa kioo, anamwona mume wake tu upande wa pili. Akatazama juu, hakuna ndoano. Akatafuta mizani, akaona ua la plastiki. Wakala akamsogezea maji. Aliulizwa jingine, na jingine. Mwisho akasema kwa Kiswahili kwamba anaomba radhi, leo hakuja na maneno.

"Mama, hawa watu hawana jaribio la pili," wakala aliwaambia wakati wa kuagana. "Juma lijalo watapiga wenyewe. Tafuta mahali penye utulivu, popote, simu ishike vizuri. Na ukiulizwa mume, sema anauza vyakula."

"Si uongo," muuza nyama alisema.

"Si uongo, mzee. Nyama si chakula?"

Walirudi kwa miguu, yeye mbele kidogo kama kawaida yao. Walipofika mlangoni pa bucha mke akasimama.

"Yote yako humu ndani," alisema. "Nimeyaacha yananing'inia."

Hapo ndipo muuza nyama alipouona mkosaji, na mkosaji alikuwa yeye. Alikuwa amefurahi kuona maneno yanakaa, hakujiuliza yanakaa wapi. Alimfundisha kusoma ukuta, na ukuta haubebeki. Akaanza kusema kwamba wataanza upya, taratibu, kwa njia nyingine, lakini alipomtazama usoni akaacha. Mke wake hakuwa na kuanza upya kokote kulikobaki ndani yake.

"Nitafanyia hapa hapa," mke alisema.

Shemeji aliposikia alishika kiuno. Usaili wa watu wasiokula nyama, uketi kuufanyia buchani? Alimwambia dada yake kwamba sasa ameamini amechoka kweli. Lakini yeye ndiye aliyetazama kuta kwa jicho la mtu wa saluni na kugundua kwamba upande wa sinki vigae ni vyeupe na safi, na simu ikisimamishwa kaunta ikitazama kule, mtu hataona kingine. Nyama yote itakuwa nyuma ya simu, mbele ya macho ya msemaji. Wakakubaliana. Siku yenyewe ilipofika muuza nyama alifunga bucha mapema, akaandika ubaoni kwamba kuna dharura ya kifamilia, akasugua vigae vile mpaka vikawa vya hospitali. Shemeji alimsuka dada yake, akamvika blauzi ya rangi ya maji, akaenda kuwanyamazisha wateja wake. Muuza nyama alivaa shati safi. Mke alimuuliza la nini na wewe huonekani. Akajibu kwamba hajui, ameona tu alivae.

Simu ikalia. Kwenye kioo alitokea mwanamke wa makamo, nywele fupi zenye mvi, macho yamezama nyuma ya miwani. Nyuma yake ilionekana pembe ya kitanda na bakuli juu ya stuli. Muuza nyama, aliyesimama kando ambako kioo kilionekana kwa ubavu, alimtambua mara moja, si kwa sura bali kwa namna alivyoegemea kiti. Mke wake alikuwa akiegemea vile vile nyakati za mwisho za mama. Yule mwanamke alisema ameona jikoni kwao ni pasafi sana. Mke akashukuru.

Maswali yakaanza, na maneno yakashuka kutoka kutani moja baada ya jingine. Imani na afya alizitenganisha kwa kutazama mlango. Kuhusu mayai ya kuku wanaoachwa huru alitupa jicho dirishani, akasema kuzurura ni heri kuliko kubanwa, lakini kwa mwenye imani hiyo kuku bado si mtumwa wa mtu. Mizani ilimpa jibu refu ambalo mume wake hakumfundisha. Muuza nyama alijikuta akitikisa kichwa kwa kukubali, kama mzazi kwenye mahafali. Na kila jibu zuri lilikuwa likimsogeza mke wake mbali na yeye, hatua kwa hatua, na alilijua hilo, na bado akatikisa kichwa.

Kisha mwanamke akauliza jambo lisilokuwa ubaoni. Aliuliza ni kwa nini mtu ambaye hakuzaliwa kwenye imani hii amhudumie mzee mkali anayekataa hata dawa zenye ganda lililotokana na mnyama, mzee atakayemgombeza kwa ajili ya mkanda wa saa wa ngozi. Mke alianza, akakwama. Macho yake yakaenda kwenye kaunta ya pembeni, mahali pa sinia. Sinia halikuwepo. Joto lilikuwa kali siku ile, na muuza nyama alikuwa ameliingiza kwenye friji bila kukumbuka kwamba linaingia na neno lake.

Alinyata. Akafungua mlango mzito kwa kuubeba kidogo ili bawaba zisilie, akalitoa sinia, akasimama nyuma ya simu amelishika kifuani. Moyo ulikuwa mkubwa, mweusi kwa baridi. Mke wake akauona.

"Compassion," alisema, kisha maelezo yakafuata yenyewe, kwamba huruma haimuulizi mtu anaamini nini kabla ya kumgeuza upande usiouma.

Mwanamke kwenye kioo aliinamisha kichwa akaandika. Muuza nyama akabaki na sinia. Hakuthubutu kuliweka chini, bati lingelia. Mikono ikaanza kuuma.

"Na mume wako," mwanamke aliuliza, bado anaandika, "yeye anayaonaje mambo haya?"

Mke akatafuta ukutani. Katika bucha nzima hapakuwa na kitu kilichowekwa kwa ajili ya mume, kwa kuwa walikubaliana kuhusu vyakula na hapakuwa na haja ya zaidi. Macho yake yalizunguka, yakarudi, yakamkuta yeye: mtu mwenye shati safi ameshika moyo wa ng'ombe kwenye sinia, midomo yake inatengeneza neno la vyakula bila sauti. Alimtazama kwa muda. Halafu akaiangalia simu, akasema kwa Kiingereza, polepole, bila kutazama popote pengine:

"Mume wangu anauza nyama. Yuko hapa, amesimama nyuma ya simu. Maneno yote uliyoyasikia amenifundisha yeye, na ni mtu mwema. Lakini mimi nimefua damu tangu niolewe. Nguo zake, mashuka ya wodini, kisha mashuka ya mama yake. Sijui kama kula nyama ni kosa. Siwezi kukudanganya kwamba najua. Ninachojua ni kwamba nimechoka na damu. Nataka kukaa kwenye nyumba isiyo na damu, hata kama kazi yake ni ngumu, hata kama bibi atanigombeza."

Feni ilizunguka. Mwanamke alivua miwani, akajikanda katikati ya macho. Aliposema, sauti yake ilikuwa imeshuka. Alisema kwamba wote wanaokuja kwake waume zao wanalima mboga. Amekwisha kujiuliza ni nchi gani hiyo yenye mboga nyingi namna ile. Nyuma yake sauti ya kizee iliita, akageuka, akasema anakuja, kisha akaaga kwa haraka na kioo kikawa cheusi.

Muuza nyama aliweka sinia kaunta. Bati likalia. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na alivikunjua kimoja kimoja. Mke alibaki amekaa pale pale, mikono magotini, na shemeji alipochungulia mlango wa nyuma aliona nyuso zao akarudi kimya kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Wakala alipiga jua likiwa bado halijatua. Sauti yake ilisikika mpaka kaunta. Aliuliza mama amewaambia nini watu hawa, kwa sababu binti ameongea na mama yake, na kikongwe amesema wamlete huyo, asiletewe mwingine. Aje na nyaraka kesho. Mke akamwambia asante, mara mbili, kwa sauti ya mtu anayepokea mzigo, akaikata simu.

"Wamekuchukua," muuza nyama alisema.

"Wamenichukua."

Alivuta kreti, akakaa. Nyama zilitakiwa kurudishwa mahali pake, ubao ufutwe, mlango ufunguliwe kwa wateja wa jioni. Hakusimama.

"Yale uliyoyasema mwishoni," aliuliza, "uliyasema kwa ajili ya usaili?"

"Hapana."

"Miaka yote hii?"

"Si wewe, baba. Wewe hukunikosea kitu. Ni damu."

Alilifikiria hilo kwa muda, kama alivyofikiria mambo yote, bila kulikimbilia. Hakuona pa kukasirikia. Aliona tu kwamba alikuwa akimkabidhi beseni la nguo kila jioni ya Mungu, naye alikuwa akilipokea, na kati ya mkono na mkono hakuna aliyesema neno.

"Niambie kwa Kiswahili," alisema.

"Si umesikia? Kiingereza wewe unakijua kunishinda."

"Nimesikia. Lakini kile nilikufundisha mimi. Nataka nikusikie wewe."

Mlango wa mbele ukabishwa. Sauti ya mwanamke ikauliza kama nyama ipo, mbona taa inawaka. Muuza nyama akajibu bila kunyanyuka kwamba wamefunga, mama, njoo kesho. Sauti ikasema lakini nawasikia mnaongea. Akajibu ndiyo, tunaongea.

Mke wake alitazama mikono yake. Ilimchukua muda kupata mahali pa kuanzia, na alipopapata palikuwa padogo, juma lao la kwanza nyumbani kwa mama mkwe, beseni la njano uani, maji yaliyogeuka rangi mara tu alipoloweka koti jeupe la mume wake la buchani. Alisema alikwenda kutapika nyuma ya choo, akarudi, akafua, akaanika, akaandaa chakula, na mama mkwe akamsifu kwa weupe wa lile koti. Muuza nyama hakuwahi kulisikia hili. Alisogeza kreti karibu, magoti yao yakakaribia kugusana, akainamisha kichwa, akatega sikio, na mke wake akaendelea.